Paka wa Kiema Hakai Nyumbani Sikukuu

Baba yangu, Kiema, ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kumsengenya. Hasira hiyo ndiyo iliyotulisha. Alihudumu miaka ishirini na sita kwenye josho la ng'ombe, nje kidogo ya soko la Katangi, na mtu mpole asingeimaliza wiki moja pale. Ng'ombe wanasukumana, wenye ng'ombe wanasukumana zaidi, kila mmoja anataka wake watangulie majini, na katikati ya vumbi hilo wanakuja watu na chupa.

Chupa hizo ndizo zilizomfanya ajulikane mpaka Ekalakala kwa jina la Kiema wa Josho. Mama mmoja anakuja na chupa ya soda, anaomba dawa ya kupe kidogo tu, mtoto ana chawa kichwani. Mwingine ana mbwa mwenye viroboto. Mwingine ana paka. Baba alikuwa akiipokea chupa kwa adabu, anaitazama, anaitupa ng'ambo ya ua, kisha anampa mwenyewe maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mimi ni mwanakwaya. Siku moja aliitupa chupa ya naibu wa chifu. Aliitwa ofisini, akaenda, akasemeshwa, akarudi, na wiki iliyofuata chupa ile ile ikarudi akaitupa tena.

"Dawa hii ni ya ng'ombe," alikuwa akisema, na sisi watoto tuliyajua maneno hayo kuliko tulivyojua sala ya kulala. "Paka hujilamba kutoka sikio mpaka mkia. Ukimpaka dawa ya josho, umemnywesha sumu kwa mkono wako. Na hata asipojilamba, ngozi yake haiiwezi."

Nyumbani sheria yake ilikuwa moja: pampu hailali na dawa. Alikuwa na pampu yake ya mgongoni ya kunyunyizia mbuzi wetu. Akimaliza, kilichobaki humwagwa kwenye shimo nyuma ya choo, pampu husuuzwa mara tatu, na shati lake huanikwa mbali na nguo za watu. Mama akimwambia anapoteza dawa nzuri, alikuwa akijibu kwamba afadhali apoteze dawa kuliko apoteze mtu. Tangu nipate akili sikuwahi kuona pampu ile ikilala na tone.

Ninayaeleza haya kwanza ili mtu asije akaniambia kwamba yaliyotokea Krismasi iliyopita yalitokea kwa kutojua. Katika boma la Kiema wa Josho hakuna asiyejua. Hata kuku wanajua.

Josho lilifungwa zamani, mabati yakaibwa, na sasa pale kwenye maji pameota magugu. Mama alitutoka miaka sita iliyopita. Baba amebaki peke yake na mbuzi wanane, shamba la ndengu na kunde, na macho ambayo siku hizi yanaona vivuli tu. Daktari alisema ni uzee. Baba anasema ni josho, miaka ishirini na sita ya kurushiwa dawa usoni na ng'ombe wa watu wasio na shukrani. Mimi naishi sokoni Katangi, nina cherehani yangu kwenye baraza la duka, na humpitia mara tatu kwa wiki. Ndugu yangu Mwendwa anaishi Syokimau na mkewe Kasyoka na watoto wao wawili, na hufika Krismasi na Pasaka.

Mwendwa kwa miaka mitatu alikuwa anataka Baba ahamie kwake Syokimau. Kila akija alikuwa na hoja mpya, na hoja kubwa ilikuwa nyoka. Alisema mtu asiyeona hawezi kukaa peke yake mahali penye nyoka, na kusema kweli hilo hata mimi lilinikosesha usingizi. Baba hakutaka hata kusikia. Alisema akipelekwa kwenye nyumba ya ghorofa atakufa wiki ya pili, na akifa asilaumiwe mtu mwingine. Wakabishana mpaka siku Karani alipomaliza ubishi.

Karani ni paka. Ni dume la kijivu, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika. Baba alimwita hivyo kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa akikaa juu ya nguzo ya zizi jioni na kuwatazama mbuzi wakiingia mmoja mmoja, kama karani wa josho aliyekuwa akiandika ng'ombe wa watu. Asubuhi moja Baba alienda kuchukua kuni kwenye kibanda. Aliponyoosha mkono, Karani alijitia katikati, akavimba, akatoa ule mlio wa paka wa kufoka, akakataa kutoka. Baba aliurudisha mkono. Aliita watu, wakaondoa kuni kwa jembe, na chini yake alikuwa amelala kifutu mnene kama mkono wangu. Tangu siku hiyo Baba hafungui kibanda cha kuni, wala stoo, wala hainami jikoni, kabla Karani hajaingia na kutoka. Mwendwa mwenyewe alisema, mbele yangu na mbele ya kasisi, kwamba basi, maadamu paka yupo, mzee akae. Ila akaongeza kwamba siku paka akiondoka, na Baba anafungasha.

Kwa hiyo kila mtu alijua paka yule alikuwa na maana gani. Akifa yeye, Baba anang'olewa kwake.

Sasa tuje Desemba. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, majani yamejaa, na kupe nao wamejaa. Tarehe ishirini na tatu asubuhi Baba alinyunyizia mbuzi wake dawa. Yule wa Krismasi alimtenga kwenye kizimba chake, hakumgusa hata kwa mvuke, kwa sababu mnyama wa kuchinjwa hanyunyiziwi. Nilikuwepo. Nilimshikia mbuzi, yeye akanyunyizia kwa kupapasa, anajua kila mbuzi wake kwa pembe. Tulikuwa tumefika kwa wa mwisho gari la Mwendwa likapiga honi langoni. Walikuwa wamesema watafika jioni, wakafika saa nne. Watoto walitoka mbio wakimwita babu yao kwa kelele, "Umau! Umau!" na Baba, ambaye kwa mwaka mzima anaishi na mbuzi, uso wake ukafunguka wote. Aliitua pampu, akanawa mikono harakaharaka, akaenda kuwapokea.

Pampu ilibaki nyuma ya ghala. Ndani yake kulikuwa na dawa kama ya chupa mbili. Nilipita kando yake mara tatu siku hiyo, na mara tatu nikajiambia nitamkumbusha.

Kesho yake, saa sita mchana, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni nachagua ndengu. Kasyoka alitoka nyumba kubwa amembeba mtoto wao mdogo, akamwinua mguu na kunionyesha vipele.

"Wifi, ona huyu mtoto. Ameumwa usiku kucha. Hii paka iko na viroboto, na iko inalala kwa viti."

Nilimwambia viroboto ni vya zizini, mbuzi wako hatua kumi kutoka mlangoni, na kwamba Karani ana kiti chake kimoja na hakigawi. Alibetua mdomo. Akamwita mumewe. Nikasikia wakisemezana, kisha nikamwona Mwendwa anakwenda nyuma ya ghala, na anarudi na pampu begani.

Nilimuuliza, "Hiyo ni ya nini?"

"Nataka kuosha hii paka. Kama inaua kupe ya ng'ombe, itashindwa na kiroboto ya paka?"

Mtu mzima huyo. Ana shahada. Ana kadi ya ofisi shingoni. Amekula ugali uliotoka kwenye lile josho, amelala kitanda kimoja na mimi tukisikiliza sheria ile ile kutoka kwenye mdomo ule ule, na sasa anasimama uani na viatu vyake vyeupe ananiuliza swali la mama wa chupa ya soda.

Na mimi je? Mimi nilisema, "Mwendwa, Baba hawezi kupenda." Hivyo tu. Sikusema itamuua. Sikusimama. Nilikuwa na sinia la ndengu mapajani na nilijua kila kitu anachojua Kiema, na nikasema Baba hawezi kupenda, kama vile tunazungumzia rangi ya pazia. Unajua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa sikukuu. Kwa sababu ndugu aliyetoka mbali hagombezwi siku anapofika, wala ya pili yake, na kila mwaka tunajiambia kwamba wanakaa siku nne tu, tuvumilie, yaishe kwa heri. Tunailinda sikukuu kama yai, na waliomo ndani ya boma tunawaacha wajilinde.

Alijibu, "Mzee hataona."

Maneno hayo sitayasahau hata nikizeeka nikapoteza jina langu. Ati hataona.

Kasyoka alimshika Karani kwa gunia, Mwendwa akamnyunyizia kutoka shingo mpaka mkia, tumbo, miguu, mpaka akawa anachuruzika maji meupe. Karani alilia mara moja, akachomoka, akapanda ghala. Watoto walicheka. Mimi niliinamisha uso nikaendelea kuchagua ndengu. Nilichagua hata zilizo nzuri nikazitupa.

Kutoka juu ya ghala, Karani alianza kujilamba.

Haikupita saa moja tukaketi kula. Kulikuwa na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, kuku, kachumbari na soda za watoto. Baba aliketi kwenye kiti chake chini ya kivuli cha nyumba, amefurahi, anamuuliza Mwendwa habari za kazi. Karani alikuja kama anavyokuja kila mchana, akamrukia Baba mapajani. Aliteleza kidogo kabla ya kufika. Niliona mguu wa nyuma umemponyoka.

Baba aliweka mkono mgongoni mwake. Mkono ukasimama. Akauinua polepole, akaupeleka puani.

Hakuna pua Ukambani nzima inayoijua ile harufu kama pua yake. Aliweka sahani chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Kiema hupiga kelele hata akitafuta kiko.

"Ni nani ameosha paka na dawa ya mbuzi?"

Watu walitafuna. Kijiko cha mtoto kiligonga sahani. Mwendwa alinitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa.

"Nimeuliza."

"Baba, ni mimi," Mwendwa akasema. "Iko na viroboto, wacha tu ikauke, itakuwa sawa. Ni kidogo nimeweka."

"Pampu ulitoa wapi?"

"Nyuma ya ghala. Ilikuwa na dawa tayari."

Uso wa Baba ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Hasira ilipanda kama kawaida, ikafika kwenye macho, halafu ikageuka ikarudi ndani. Alisema kwa sauti ndogo, "Niliacha dawa kwa pampu." Akarudia kwa Kikamba, kana kwamba alikuwa anamwambia Mama. Kisha akasimama na Karani mikononi, na sauti yake ya josho ikarudi, ile iliyokuwa inasikika mpaka barabarani.

"Mwikali! Maji ya moto, yachanganye na baridi, yasimchome! Lete sabuni ya vyombo. Kasyoka, lete blanketi, na si ile mbovu. Wewe, toa gari."

Nilikimbia. Tulimweka Karani kwenye karai na Baba akamwosha kwa sabuni, akamsuuza, akamwosha tena, mara nne. Paka hapendi maji, kila mtu anajua, na Karani alimkwaruza mikono yote miwili mpaka ikatoka damu. Baba hakuivuta. Alikuwa anahesabu kwa sauti kila anapomwaga maji, kama alivyokuwa akihesabu ng'ombe wakiruka majini. Mate yalikuwa yanamtoka Karani mdomoni kama uzi. Kisha akaanza kutetemeka, kwanza masikio, halafu mwili mzima.

Kasyoka alikuja na kikombe cha maziwa. Alisema maziwa yanaua sumu, hata bibi yake alikuwa akifanya hivyo. Nilikinyakua nikakimwaga chini mbele ya viatu vyake. Baba alikuwa ametuambia tangu utotoni kwamba mnyama anayetetemeka hanyweshwi kitu, kitaingia mapafuni. Kasyoka hakujua na ningeweza kumweleza vizuri. Sikutaka kumweleza vizuri.

Gari halikutoka. Nilitoka uani nikamkuta Mwendwa ameegemea mlango wa gari lake na simu mkononi.

"Twende kwa daktari wa mifugo," nikamwambia.

"Leo tarehe ngapi, Mwikali? Nani ako kazini? Mpaka Machakos nimpeleke paka? Na anatapika, na hizi viti..." Alishusha sauti. "Ni paka tu. Tutamtafutia ingine."

Hapo ndipo mori wangu ulipopanda, umechelewa saa moja na nusu lakini ulipanda wote. Nilimwambia kwamba viti vyake avikunje avitie mfukoni. Nilimwambia kwamba anajua vizuri kabisa si paka tu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema siku paka akiondoka na Baba anafungasha. Nilimuuliza kama labda ndicho alichokuwa anakitaka. Alinitolea macho.

"Unasema nini? Unafikiri nilifanya makusudi?"

"Hapana. Ungefanya makusudi ungekuwa umefikiria."

Nilimpigia simu Justus, mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, pale sokoni, ambaye alisomea afya ya mifugo kabla ya kufungua duka. Ilikuwa mkesha wa Krismasi na duka lake limejaa watu. Nilipomtajia Kiema wa Josho alisema nakuja, na akaja kwa pikipiki amebeba mkoba wake. Alimkuta Baba amekaa chini jikoni, Karani amefungwa kwenye blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa ubavuni mwake. Alimchoma sindano ya kutuliza mtetemo. Akatazama lile karai la povu.

"Mzee, hii ndio imemsaidia. Bila hii ningekuta maiti," alisema. "Lakini siwezi kukudanganya. Mpaka kesho mchana ndio tutajua. Asishikwe ovyo, asilishwe, awe na joto."

Kisha akatoka nje, akawakuta Mwendwa na mkewe, akawauliza polepole dawa ile ilikuwa ya kuwekwa wapi kwenye boma lenye watoto. Akawaambia kwamba ile dawa ikichanganywa na maji inakuwa nyeupe kama maziwa, na mtoto wa miaka minne haulizi. Kasyoka alimvuta mtoto wake akamkumbatia. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa, na nafikiri ndiyo maana hakuniambia neno juu ya kikombe.

Krismasi mbuzi alichinjwa, kwa sababu watu walikuwa wamealikwa. Waliimba, walikula, walipiga picha. Baba hakutoka jikoni. Kila aliyekuja kumsalimu alimkuta kwenye kigoda karibu na meko, mikono imefungwa matambara, na aliwajibu salamu kwa ustaarabu, akawaambia waende wakale. Mwendwa aliingia mara mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza Baba alimwambia asizibe mwanga. Mara ya pili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Uliuliza kama nitaona."

"Sikuuliza, Baba, nilisema tu..."

"Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nilikuwa ndani, nikasikia mwisho wa maneno yenu. Nilidhani mnaongea juu ya zawadi."

Mwendwa alitoka, akaenda akasimama nyuma ya ghala peke yake muda mrefu. Sikumwendea. Nilikuwa nimekasirika, na nasema wazi, bado nimekasirika.

Mchana wa Krismasi, wakati wageni wanakunywa chai, Karani aliinua kichwa akatafuta maji. Alimsogezea kibakuli, akasikiliza ule ulimi unavyopiga maji, na machozi yakamtoka yakaingia kwenye ndevu bila yeye kuyafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilikuwepo, nilikuwa kwenye ngazi, niliiona pampu. Sikusema. Tena sikusema.

Mwendwa aliondoka tarehe ishirini na sita, siku mbili kabla ya ratiba. Mwezi wa Januari alinitumia picha ya paka mweupe mwenye manyoya marefu, akaniuliza kama mzee angempenda, atamleta Pasaka. Nilimsomea Baba. Alisema, "Amwache huko. Ikifika Krismasi mtamwosha na nini?" Mtamwosha, alisema. Sikutilia maanani.

Pasaka ikafika. Nilifika kwa Baba Ijumaa Kuu asubuhi kumsaidia kuandaa, na gari la Mwendwa lilikuwa tayari limeingia. Pampu haikuwepo nyuma ya ghala wala stoo. Baba alikuwa amempa Justus aiweke dukani. Kiti cha Karani kilikuwa kitupu. Kasyoka, ambaye safari hii alikuwa amekuja na kitana cha viroboto na shampuu ya paka aliyoinunua kwa daktari wa kweli, alikuwa anamwita paka uani kwa sauti ya kubembeleza. Baba alikuwa anaingia kwenye kibanda cha kuni peke yake, anapiga chini kwa fimbo ndefu, anasubiri, anapiga tena, halafu ndipo anainama.

"Baba, Karani ako wapi?" Mwendwa alimuuliza.

"Ako mahali salama."

"Salama na nini?"

"Na sikukuu."

Jirani mmoja ndiye aliyeniambia jioni ile kwamba alimwona Kiema Alhamisi anavuka mpaka na kikapu kilichofunikwa, anaelekea kwa Mutindi.

Nilidhani ananitania. Baba na Mutindi hawajasalimiana kwa miaka minane. Mutindi alisogeza mikonge ya mpaka hatua mbili kuingia kwetu, au Baba ndiye aliyeisogeza, inategemea unamuuliza nani, na kesi yao imeshawachosha machifu wawili. Baba hata akisikia mbuzi wa Mutindi akikohoa hutema mate. Na huyo ndiye aliyempelekea paka wake.

Jumapili baada ya ibada nilinunua omena kidogo sokoni, nikazunguka njia ya chini mpaka kwa Mutindi. Ni mwanamke mnene, mjane, hana mchezo. Alitoka mpaka langoni, hakufungua. Nyuma yake, kwenye dirisha la jiko lake, Karani alikuwa ameketi juani akijilamba makucha. Alikuwa amenenepa.

"Habari ya sikukuu, mwaitu," nikamwamkia kwa heshima, kama mama yangu.

"Nzuri."

"Nimekuja kumwona Karani. Nimemletea omena."

"Kiema alisema sikukuu ikiisha atamchukua. Kabla ya hapo nisifungulie mtu yeyote wa kwake."

"Najua, Mwendwa na mkewe. Lakini mimi siko Syokimau, mimi niko hapa hapa sokoni. Mimi ndiye niliita Justus."

Mutindi alinitazama. Hakuwa na furaha ya adui usoni, na ningependa angekuwa nayo, ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

"Wewe ndio alitaja kwanza," alisema. "Alisema mmoja hakujua, mwingine alisahau. Mwikali alijua."

Nilishika lango. Basi Baba alijua tangu lini? Pengine tangu siku ile ile, kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa wazi na ngazi niliyokalia ndiyo ya mlango huo.

Mutindi alinyoosha mkono kati ya nondo.

"Hiyo omena lete. Sio makosa ya paka."

Nikampa. Aliifungua karatasi, akainamisha kichwa, akainusa omena yangu polepole, upande huu na upande huu, mbele yangu, kama alivyoagizwa. Halafu akaikunja, akageuka, akaenda kumlisha Karani.